Land Rover ya urithi uani, sumu isiingie ndani

Wiki hii ukurasa wetu wa afya na usafi unajibu barua ya dada yetu mmoja wa Mponde, huko Lushoto, ambaye jina lake tunalihifadhi. Anaeleza kuwa mumewe amerithi kwa marehemu baba yake gari aina ya Land Rover, lile refu la zamani, ambalo kwa miaka mingi lilibeba majani ya chai na kuwashusha watu na mizigo yao Soni na Mombo. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, gari nalo likasimama. Tangu hapo limekaa chini ya banda la mabati, hatua chache kutoka mlango wa jiko. Sasa mumewe ameazimia kulirudisha katika hali yake, rangi mpya nje, viti na sakafu mpya ndani. Kazi anaifanya mwenyewe nyumbani kila Jumamosi na Jumapili, maana fedha ya gereji hana.

Dada huyu halipingi gari. Anasema hata yeye atafurahi kuliona barabarani tena. Lakini ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeokota kila kitu na kutia mdomoni, naye mwenyewe bado ananyonyesha. Anauliza: vumbi la msasa linalotua kwenye vyombo lina madhara? Harufu ya rangi inayomuumiza kichwa inaingia kwenye maziwa yake? Na mumewe anayeosha mikono kwa petroli ili apate udhu wa Adhuhuri, je, hajidhuru? Mume ana jibu moja kwa maswali yote. Kila akimaliza kazi hunywa glasi ya maziwa.

Tuanze na hayo maziwa, kwa sababu imani hii imeenea kwa mafundi rangi wa nchi nzima. Maziwa ni chakula kizuri na hatumkatazi mtu kunywa. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi wa rangi huenda mapafuni, na kutoka mapafuni huingia kwenye damu. Njia hizi mbili hazikutani. Anayepuliza rangi bila kinga asubuhi kutwa kisha akanywa maziwa jioni, amekunywa maziwa tu.

Vumbi ambalo si najisi lakini lina sumu

Jambo kubwa katika barua hii ni vumbi. Rangi nyingi za zamani, hasa za mafuta na zile za kuzuia kutu, zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi, ziwe na rangi kali na zidumu juani. Rangi nyekundu ya chini iliyopakwa kwenye vyuma vya magari na madaraja mara nyingi ilikuwa risasi yenyewe. Gari lililotengenezwa miaka ya 1960 au 1970, kisha likapakwa na mafundi mbalimbali mara nne au tano, haliwezi kudhaniwa kuwa salama. Rangi ikitulia mahali pake haimdhuru mtu. Ikisagwa kwa msasa mkavu huwa unga mwembamba, huelea, hutua kwenye sufuria, kwenye mkeka, kwenye kanga iliyoanikwa, na kwenye udongo wa uani anapochezea mtoto.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoila mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Kwa mtoto hushambulia ubongo unaokua, na madhara yake hayaji na homa wala upele wa kumshtua mama. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, mkorofi, asiyetulia, mwenye upungufu wa damu, na watu wakasema ndivyo alivyoumbwa. Kwa mtu mzima risasi hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Kingine ambacho akina mama wengi hawakijui ni kwamba risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, kisha mwanamke akipata mimba hutoka mifupani na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Ni vyema Waislamu tukaelewana hapa. Tumezoea kuuliza juu ya nguo: je, ina najisi? Vumbi la rangi si najisi. Nguo yenye vumbi hilo ni tohara na inasaliwa. Kwa hiyo mzee wa nyumba hutoka kwenye gari, hutawadha, husali, kisha humpakata mtoto kifuani pake akiwa na shati lile lile, na moyo wake umetulia kwamba yu safi. Kwa hukumu ya swala yu safi kweli. Kwa afya ya yule mtoto hayuko safi, na dini ile ile iliyomfundisha kutawadha imemkataza pia kumdhuru mwenziwe. Basi awe na nguo moja ya kazi, ibaki bandani, ifuliwe peke yake katika beseni lake, na yeye aoge nywele na uso kabla ya kuingia ndani.

Ama kazi yenyewe ya msasa, tunasisitiza mambo haya. Gari lisogezwe mbali na jiko na kisima, na upande ambao upepo hautupi vumbi nyumbani. Usipige msasa mkavu, na usitumie mashine ya kusagia. Tumia msasa wa maji, ule mweusi, na ndoo yenye maji na sabuni kidogo, ukilowesha kila mara ili unga ugeuke tope. Usiunguze rangi kwa moto wa gesi, maana risasi hugeuka mvuke. Vaa barakoa ya vumbi ile ngumu yenye alama ya N95 au FFP2. Kitambaa au leso havizuii unga huu. Watoto na mama mjamzito wasiwe karibu kabisa, hata kwa kuleta chai.

Tandika nailoni nene chini ya gari. Mponde ni mlima, na maji yenye tope la rangi yakiachwa yatateremka kwenye bustani ya mboga ya jirani wa chini au kwenye chemchemi, na jirani ana haki yake. Tope likusanywe kwenye kopo lenye mfuniko, lisimwagwe shambani wala kuchomwa moto, na muulizwe bwana afya wa kata pa kulitupa.

Lakini kuna habari njema kwa mwenye Land Rover, nayo itampunguzia kazi nusu nzima. Gari hili lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikafanywa kwa bati la alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Huota unga mweupe, hasa pale inapogusana na chuma. Kinachooza kwa kutu ni chesesi, na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Kwa hiyo hakuna haja ya kukwangua gari zima hadi bati lionekane. Mahali ambapo rangi ya zamani imeshika vizuri, ikwaruzwe kidogo tu kwa msasa wa maji ili rangi mpya ishike, kisha ifunikwe. Kwangua pale tu ilipobanduka. Rangi yenye risasi iliyofunikwa vizuri chini ya rangi mpya ni salama kuliko iliyokwanguliwa na kutawanywa uani. Mafundi wengi watakucheka kwa hili. Waache wacheke.

Ukifika kwenye alumini tupu ukakuta rangi ya chini yenye njano iliyochanganyika na ukijani, iache ilivyo. Praima za zamani za alumini mara nyingi zilitiwa kromiamu ya aina inayosababisha saratani ya mapafu. Juu ya alumini tupu iliyosafishwa pakwe praima maalumu ya alumini. Praima nyekundu ya chuma haishiki juu yake, na baada ya masika mbili itabanduka kama ganda la yai.

Ndani ya gari: panya kwanza, viti baadaye

Gari lililosimama miaka mingi bandani ni nyumba ya panya. Sponji ya viti huwa kitanda chao, na chini ya viti hukuta makaratasi, mabunzi ya mahindi na kinyesi. Watu wa Lushoto hawahitaji kufundishwa tauni ni nini. Tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huu uliirudia wilaya yao mara kwa mara, maelfu wakaugua na mamia wakafariki. Ni kweli miaka mingi imepita, lakini adabu tuliyofundishwa wakati ule tusiiache. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto wake huwa na njaa na humhamia aliye karibu. Kwa hiyo mwenye pupa ya kutega panya garini kabla ya kuua viroboto anajiletea viroboto yeye mwenyewe.

Utaratibu ni kutanguliza dawa ya viroboto ndani ya gari na kuzunguka banda, ukifuata maelezo ya kopo, kisha ndipo utege panya. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Ukikuta panya wengi wamekufa bila kutegwa, usiwaguse, mwite bwana afya. Na mtu wa nyumba hiyo akishikwa na homa kali ya ghafla pamoja na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, asilale na dawa ya homa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe Bumbuli au Lushoto, na amweleze daktari habari ya panya. Tauni inatibika kwa antibayotiki ikiwahiwa.

Kinyesi na viota visifagiliwe vikiwa vikavu. Fungua milango yote nusu saa, nyunyizia maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa kumi za maji, acha kidogo, kisha zoa kwa kitambaa ukiwa na glovu na barakoa. Dawa hiyo isichanganywe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu.

Sponji iliyokojolewa na panya au kuota koga haifuliki. Itupe. Kwa baridi na ukungu wa Mponde koga hurudi hata ukiianika wiki nzima, na mwenye pumu akikalia kiti hicho safari ya kutoka Mponde hadi Mombo atafika hoi. Chukua fremu za viti, piga brashi ukiwa umezilowesha, paka rangi, kisha mpe fundi viti akate sponji mpya na kuivika leza. Leza ya zamani ikiwa nzima isitupwe. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa kivulini, na mshono uliofumuka hushonwa. Sakafu usiifunike kwa zulia, hata kama umeona gari la mjini limefanywa hivyo. Zulia hushika maji ya viatu, na hapo kutu na koga vitaanza upya. Mpira mnene unaotolewa na kuoshwa unafaa zaidi.

Jambo dogo lakini zito: unga mweusi ulio ndani ya ngoma za breki za magari ya zamani unaweza kuwa na asbesto. Usiupulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowesha, futa kwa kitambaa, kifunge kitambaa hicho ndani ya mfuko na ukitupe.

Ukungu, jiko la mkaa na rangi isiyokauka

Sasa tunakuja kwenye hatari inayoweza kuua kwa usiku mmoja, na ndiyo iliyotufanya tuipe barua hii nafasi kubwa. Dada anaandika kuwa rangi ya majaribio ilipigwa na ukungu ikawa nyeupe kama maziwa, hivyo mumewe anafikiria kulifungia banda kwa turubai na kuwasha jiko la mkaa ndani ili rangi ikauke.

Tafadhali asifanye hivyo. Mvuke wa thina na petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu kama moshi, bali hutambaa chini sakafuni kama maji mpaka ufike kwenye jiko, na hapo banda zima hulipuka kwa mara moja. Hata kama halikulipuka, mkaa katika mahali palipofungwa hutoa kabonimonoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala, na haamki. Na ikiwa anaumwa kichwa atasema ni harufu ya rangi tu. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kukutwa asubuhi amekufa kando ya kazi yake nzuri.

Dawa ya ukungu ni kuchagua wakati. Januari na Februari, kabla ya masika, jua la Usambara hutosha. Septemba nayo mara nyingi huwa njema. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, miezi hiyo ifanye kazi ya viti na chesesi. Hata katika mwezi mzuri, anza kupaka saa nne asubuhi umande ukishakauka, na acha saa nane mchana ili rangi iwe imeshika kabla ukungu wa jioni haujashuka. Banda liwe wazi pande mbili.

Tunashauri pia rangi ya mafuta kwa brashi badala ya kupuliza. Wengine wataona ni ushamba. Hata jeshi la Uingereza lilipaka Land Rover zake nyingi kwa brashi, na gari hili ni la kazi, halikuumbwa liwe kioo. Nunua rangi yenye maandishi kuwa haina risasi, paka nyembamba mara mbili au tatu, kila tabaka likauke siku moja au zaidi, ukikwaruza kidogo kwa msasa wa maji katikati. Brashi haitawanyi rangi hewani, na hilo peke yake linaokoa mapafu ya nyumba nzima.

Ile rangi ya kisasa inayochanganywa na hadina na kupulizwa kwa kompresa, inayong'aa sana, isiguswe nyumbani. Ina kemikali ziitwazo isosayaneti ambazo huleta pumu, na aliyekwisha kupata pumu hiyo huweza kubanwa na kifua hata akipita tu karibu na gereji. Barakoa ya kawaida haizizuii. Mwenye kazi hiyo huvaa kifaa kinachomletea hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna hicho, mlipe mwenye nacho. Na huyo fundi rangi naye tumwombee afya, kwani tangu mwaka 1989 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kazi ya kupaka rangi miongoni mwa zinazosababisha saratani.

Mikono na udhu

Swali la petroli. Rangi ya mafuta iliyoganda juu ya ngozi au kucha ni utando unaozuia maji, kwa hiyo ni sahihi kwa mume kuiondoa kabla ya udhu. Doa tupu lisilo na utando, kama la hina, halizuii maji. Kosa lake liko kwenye kile anachoondolea. Petroli na thina hupenya ngozi, huondoa mafuta yake ya asili, ngozi hupasuka, na kupitia mipasuko hiyo sumu nyingine huingia kwa urahisi. Zaidi ya hayo, mkono wenye harufu ya petroli huenda moja kwa moja mdomoni na puani wakati wa kusukutua na kupandisha maji puani. Wazee watakumbuka kuwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 petroli yetu ilitiwa risasi pia. Iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na duniani kote mwaka 2021. Ilikuwa na ubaya wake kabla, na bado inao hata sasa bila risasi.

Avae glovu. Kabla ya kazi ajipake mafuta ya mgando mikononi na chini ya kucha, rangi haitashika. Baada ya kazi asugue kwa mafuta ya kupikia kidogo na kitambaa, kisha aoshe kwa sabuni na maji hadi utelezi wote uishe. Kucha azikate fupi siku hizo. Na akianza kazi mapema akaiacha saa moja kabla ya Adhuhuri, hatakuwa na haja ya kukimbizana na mikono. Kikibaki chembe kilichomshinda bila kuumiza ngozi, amuulize imamu wake wa msikiti.

Wewe dada, endelea kunyonyesha. Kiasi kidogo cha mvuke na risasi huweza kupita kwenye maziwa, lakini faida ya maziwa yako ni kubwa zaidi, na dawa ni kukaa mbali na vumbi na harufu. Siku za kupaka rangi nenda na mtoto kwa ndugu hadi jioni. Futa meza, vyombo na sakafu kwa kitambaa kilicholowa, usifagie vikavu. Mtoto anawe mikono kabla ya kila mlo. Mpe mboga za majani, maharage, dagaa na maziwa, kwani mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Kwa kuwa vumbi limekwisha kumfikia, mpeleke kwa daktari na umweleze wazi kuwa nyumbani kumepigwa msasa gari la zamani. Vipimo vya risasi katika damu havipatikani zahanati. Daktari ndiye atakayejua pa kuvitafuta, na anaweza kupima wingi wa damu hapo hapo.

Udongo wa uani uliokwisha kupata vumbi, karibu na mlango wa jiko, ukwanguliwe juu juu ukiwa umeloweshwa, utolewe, na mahali pake pamwagwe udongo safi au mawe madogo. Sehemu ya kuchezea mtoto ihamishiwe upande mwingine wa nyumba. Na gari likishakamilika, liachwe milango na madirisha wazi mchana kwa wiki mbili kabla mtoto hajapandishwa, mpaka ukiingia asubuhi usisikie tena harufu ya rangi wala gundi.